Kufufua Amplifaya ya Zamani: Namna ya Kuchagua Vipuri na Pedi za Joto

Amplifaya iliyonifanya niandike haya ililetwa mezani kwangu Ngamiani, hapa Tanga, na mzee mmoja mpenzi wa taarabu za Black Star na Lucky Star. Ni ya Kijapani, ya miaka ya 1970, uso wa alumini, na transista zake nne za kutolea sauti ni zile za chuma zenye umbo la jicho. Ilikuwa imeungua mara mbili ndani ya mwaka mmoja, zote upande wa kushoto. "Mwanangu," aliniambia, "transista nimenunua za bei mbaya, na bado zinaungua." Nilipoifungua nikakuta transista ni halisi kabisa. Ila chini yake palikuwa na pedi laini ya bluu, ile ya kompyuta, yenye unene wa milimita moja, imebinyea pembeni, na skrubu zinazunguka kwa vidole. Transista hazikuwa na kosa. Joto ndilo lililokosa pa kutokea.

Kwa hiyo kanuni ninayoishika ni hii: kipuri kisichaguliwe kwa jina lake wala kwa namba kubwa iliyoandikwa kwenye pakiti. Kichaguliwe kwa kazi kinayokwenda kufanya pale kinapokaa, na kwa njia ambayo joto lake litatoka. Mashine hizi zilijengwa ili zifunguliwe na kutengenezwa. Ukizifanyia kazi kwa subira, zitakuzika.

Kabla hujanunua chochote

Anza nyuma ya mashine: imeandikwa volti ngapi? Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Amplifaya nyingi za mitumba zinazotoka Japani ni za volti 100, na ukiichomeka moja kwa moja ukutani umeiua. Hiyo itahitaji transfoma ya kushusha umeme. Kama ina kichagua volti chenye 220 na 240, iweke kwenye 240, itafanya kazi kwa baridi zaidi.

Chomoa waya ukutani, fungua kifuniko, kisha mwaga chaji iliyobaki kwenye kapasita kubwa za chujio, zile zinazolainisha umeme baada ya transfoma. Chukua rizista ya omu 1,000 ya wati 5, iunganishe kati ya nguzo mbili za kila kapasita kwa dakika moja, halafu pima kwa mita. Ikisoma chini ya volti moja, endelea. Usipige shoti kwa bisibisi. Cheche ile huharibu kapasita nzima, na inaweza kukuharibu macho.

Piga picha kila pembe. Kisha chukua daftari uandike kila kapasita na kila transista: namba yake kwenye bodi, thamani yake, upana wa nafasi ya miguu, na kipenyo chake. Kitabu cha ufundi cha mashine nyingi za zamani hupatikana mtandaoni, kitafute kwanza. Daftari hili ndilo litakalokuokoa dukani, kwa sababu muuzaji akikuambia "hii ni ileile", utakuwa na cha kumjibu.

Sasa ukaguzi ambao mtu wa Dodoma anaweza kuupita haraka, lakini sisi wa pwani hatuwezi. Upepo wa bahari unaleta chumvi, na unyevu wetu haupungui mwaka mzima. Tazama miguu ya transista ndogo: ikiwa imegeuka myeusi kama masizi, kutu imeanza kupanda ndani, na transista za namna hiyo ndizo hutoa mlio wa "shhh, tap, tap" spika zikiwa kimya. Tazama pia gundi waliyoshikia kapasita kiwandani. Ilipokuwa mpya ilikuwa na rangi ya krimu. Ikizeeka inageuka kahawia, inakuwa ngumu, inafyonza unyevu, inaanza kupitisha umeme kidogo na kula miguu ya vipuri vilivyo jirani. Ikwangue yote kwa kijiti cha mti na spiriti safi ya isopropili. Nimeshaona bodi iliyobadilishwa kapasita zote na bado inakoroma, kumbe tatizo ni gundi iliyoachwa chini ya mpya.

Kapasita

Kapasita za kemikali hukauka, ziwe zimetumika au zimekaa. Kwa sababu hiyo usinunue kapasita "mpya ya zamani" iliyokaa ghalani tangu enzi hizo, hata kama inafanana kabisa na ya asili. Nunua iliyotengenezwa karibuni. Nichicon, Panasonic, Rubycon na Nippon Chemi-Con ni majina ninayoyaamini, mradi ziwe halisi.

Volti ziwe sawa na za zamani au zaidi, kamwe zisipungue. Maikrofaradi ziwe zilezile kwenye saketi ya sauti. Kwenye chujio unaweza kupandisha kwa robo hivi, lakini si mara mbili, maana wakati wa kuwasha kapasita kubwa huvuta mkondo mkubwa unaochosha daraja la dayodi, swichi na fyuzi. Hapo kwenye chujio tazama pia mkondo wa mawimbi ambao kapasita imeandikiwa kuuhimili. Huo ndio unaoipasha moto kutoka ndani, na ndio unaotofautisha kapasita mbili zenye thamani moja na bei mbili.

Halafu nyuzi joto. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 huongeza umri wake maradufu kwa kila nyuzi 10 unazoshuka. Ndani ya amplifaya iliyofungwa, Januari kaskazi ikiwa imetulia, nyuzi 65 karibu na vipoza joto si ajabu. Kwa nyuzi 65 kapasita hiyo inakupa saa 32,000 hivi. Ya nyuzi 85 yenye saa zilezile 2,000 inakupa 8,000. Kwa mtu anayesikiliza saa nne kila siku, hiyo ni miaka 22 dhidi ya mitano na nusu. Tofauti ya bei yake ni ndogo, kwa hiyo kwangu za nyuzi 85 hazipandi bodini.

Zile ndogo za maikrofaradi 1 hadi 4.7 kwenye njia ya sauti nazibadili kwa za filamu ya poliesta zikienea, kwa sababu hizo hazikauki. Zisizo na upande wa chanya na hasi zirudishie zisizo na upande. Usiweke ya kawaida eti kwa sababu volti zinatosha.

Za bandia zipo tele. Kapasita ya kweli ya maikrofaradi 10,000 kwa volti 63 huwa na kipenyo cha milimita 30 hadi 35 na urefu wa 40 hadi 50. Ukiuziwa yenye ukubwa wa kidole gumba, mtu amebadilisha ganda tu. Pima thamani kwa mita palepale dukani, tena shika mkononi usikie uzito. Ukiagiza Kariakoo kwa simu, omba picha yenye rula pembeni.

Transista

Herufi zilizoandikwa kwenye transista za Kijapani zina maana. C1815 ni 2SC1815, nao huacha "2S" kwa kukosa nafasi. A na B ni za PNP, C na D ni za NPN, aina mbili ambazo umeme hupita kwa mwelekeo ulio kinyume. Ukijua hilo hutarudi nyumbani na kinyume cha ulichoendea.

Kwa transista za kutolea sauti, anza na volti. Pima volti za chujio. Tuseme ni chanya 45 na hasi 45. Transista moja inaweza kubeba jumla yake, yaani volti 90, wakati wimbi limefika kileleni, na umeme wetu nao hupanda. Kwa hiyo tafuta yenye uwezo wa volti 120 au zaidi kati ya kolekta na emita, miwili kati ya miguu mitatu ya transista (wa tatu ni besi). 2N3055 inayopatikana kila duka ina volti 60. Inaingia kwenye matundu yaleyale, ina umbo lilelile, na itakufa wimbo wa kwanza. Mahali kama hapo natumia MJ15003 na mwenzake MJ15004, zenye volti 140, ampea 20 na wati 250, au MJ21194 na MJ21193 zenye volti 250.

Ampea na wati ziwe sawa au zaidi. Lakini kasi ni jambo jingine, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Transista nyingi za chuma za zamani zina kasi ya megahezi 2 hadi 4 tu. Ukiweka ya kisasa ya megahezi 30 kwenye saketi iliyopangwa kwa ajili ya ile ya polepole, saketi inaweza kuanza kutetema yenyewe kwa masafa usiyoyasikia. Dalili yake ni kipoza joto kuwaka moto wakati hakuna hata wimbo. Chagua kasi inayokaribia ya asili.

Transista ndogo zina mtego wa miguu. Ukiitazama C1815 upande bapa, kutoka kushoto ni emita, kolekta, besi. BC547 ni kolekta, besi, emita. Zinaweza kubadilishana kazi, lakini miguu lazima uipindishe. Hakikisha kwa mita kila mguu kabla ya kulehemu.

Upande mmoja ukiungua, badilisha jozi nzima ya upande huo, na kama mfuko unaruhusu, pande zote mbili. Nunua kutoka pakiti moja, pima ukuzaji wa kila moja, na uoanishe zinazokaribiana. Kuhusu bandia: 2SC5200 na 2SA1943 ni miongoni mwa zinazoghushiwa sana, na hizi za chuma nazo hazijapona. Sugua maandishi kwa asitoni. Yakifutika kirahisi, au chini yake pakaonekana mikwaruzo ya msasa, rudisha. Nikinunua kumi naitoa moja sadaka, nakata kofia yake kwa msumeno wa chuma. Chipu ya transista ya wati 250 ni kubwa, unaiona bila kukodoa macho. Ukikuta chipu kama punje ya ulezi, zote tisa zilizobaki hazifai.

Joto: ulanga, pedi na girisi

Ganda la transista ya chuma ni kolekta yenyewe, kwa hiyo lina volti kamili za saketi. Kipoza joto kimeungana na fremu ya chuma ya mashine. Kinachowekwa katikati kina kazi mbili zinazogombana: kizuie umeme na kipitishe joto. Ukielewa ugomvi huo, uchaguzi unakuwa rahisi.

Wajapani wengi wa miaka ile walitumia ulanga, ambao mafundi tunauita maika. Ni jiwe linalochanika kuwa karatasi nyembamba mno. Hapa kwetu lilichimbwa milima ya Uluguru tangu enzi za Mjerumani. Namba yake ya kupitisha joto ni ndogo, karibu 0.5, na ndiyo maana vijana huudharau wakiona pakiti ya pedi imeandikwa 6. Lakini ulanga una unene wa milimita 0.05, na pedi ile ina milimita moja, mara ishirini. Joto linahesabu safari nzima: unene gawanya kwa namba ya kupitisha, gawanya tena kwa eneo.

Fanya hesabu kwa transista ya chuma yenye eneo la sentimita mraba 5 hivi. Ulanga pamoja na girisi yake huzuia kiasi cha nyuzi 0.35 kwa kila wati. Pedi ya milimita moja iliyoandikwa 6 inatoa nyuzi 0.33 kwenye karatasi, ikiwa namba ni ya kweli. Nyingi za bei rahisi si za kweli. Ikiwa halisi yake ni 2, inazuia nyuzi 1 kwa wati. Transista ikitoa joto la wati 30 harusini, tofauti ya hizo mbili ni nyuzi 20 ndani ya chipu. Na ubaya mkubwa zaidi hauko kwenye hesabu: pedi laini hubinyea kidogo kidogo chini ya skrubu, skrubu zinalegea, transista inainuka upande mmoja. Ndivyo ilivyokuwa kwa mzee wangu.

Pedi laini ina mahali pake, nayo ni kujaza pengo pasipo na skrubu, kama chipu ndogo inayotakiwa kugusa kifuniko. Usiiweke chini ya transista inayokazwa.

Ziko pedi nyingine, za mpira wa silikoni wenye kitambaa cha nyuzi za kioo ndani, kijivu au waridi, unene wa milimita 0.18 hadi 0.25. Hizi zimetengenezwa kwa transista zinazokazwa. Huwekwa kavu, bila girisi. Ni safi na ni rahisi, lakini zile za kawaida huzuia joto kuliko ulanga uliopakwa vizuri. Nazitumia kwenye transista za kati na kwenye rigyuleta, vipuri vinavyodhibiti volti, si kwenye za mwisho za amplifaya kubwa.

Vibao vya kauri ya alumina hupitisha joto kwa wingi, namba yake ni karibu 25, lakini huvunjika ukikaza bila usawa. Ukikuta kibao cheupe cha zamani cha kauri usichokijua, usikisugue wala kukivunja: baadhi vilitengenezwa kwa oksidi ya beriliamu, na vumbi lake ni sumu ya mapafu.

Na jihadhari sana na pedi nyeusi za grafaiti. Zinauzwa kwa namba kubwa za kuvutia, na zinapitisha umeme. Ukiiweka chini ya transista umepiga shoti volti zote za saketi kwenye kipoza joto.

Kufunga fanya hivi. Futa girisi ya zamani yote kwa spiriti, maana imekauka kuwa chaki. Pitisha kidole pembeni mwa matundu ya kipoza joto, na ukisikia kinundu chochote kiondoe, kwa sababu kinundu ndicho kinachotoboa ulanga. Weka rula ya chuma juu ya uso: mwanga ukipenya katikati, uso haujanyooka, usugue kwa msasa laini uliolazwa juu ya kioo. Ulanga mpya uzidi kingo za transista kwa milimita moja au mbili pande zote. Wenye ufa, hata kama unywele, tupa.

Paka girisi nyeupe ya silikoni pande zote mbili za ulanga, nyembamba kiasi kwamba bado unaona chuma chini yake. Girisi ni ya kujaza vijibonde vya chuma tu, ikizidi inageuka blanketi. Rudisha bushi za plastiki kwenye skrubu, na kama zimepasuka weka mpya. Kaza kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule, mpaka girisi itoke kama uzi mwembamba pembeni.

Kisha pima kwa mita kati ya ganda la transista na kipoza joto, transista zikiwa bado hazijaunganishwa na bodi. Mita isisome kitu. Ikisoma chochote, fungua upya, usiseme "itakuwa sawa".

Usimsahau mdogo wao. Kwenye kipoza joto kuna transista au dayodi ndogo ambayo kazi yake ni kusikia joto na kupunguza bayasi, yaani mkondo mdogo unaopita kwenye transista hata muziki ukiwa kimya. Transista ikipata joto, volti yake kati ya besi na emita hushuka kwa milivolti 2 hivi kwa kila nyuzi, na mkondo hupanda. Mkondo ukipanda joto linaongezeka, na mzunguko huo hauna breki ila huyo mdogo. Akiachwa ananing'inia hewani, mashine itajichoma yenyewe hata kama ulanga wako hauna doa. Mpake girisi, mbane mahali pake pa asili.

Vilivyobaki

Rizista za emita, za omu 0.22 hadi 0.47, badilisha kwa thamani ileile na wati zilezile. Rizista zilizowekwa ili zikatike kama fyuzi zirudishie za aina hiyo hiyo zisizowaka, usiweke za kaboni. Trima ya bayasi, ile rizista ndogo inayozungushwa kwa bisibisi, ikiwa ya zamani na iko wazi kwa hewa ya chumvi, ibadili bila kufikiria mara mbili: kwenye saketi nyingi ikipoteza mguso bayasi huruka juu kabisa. Pima kwanza imekaa kwenye omu ngapi. Relei ya spika, ile swichi ya umeme inayounganisha spika, isisuguliwe kwa msasa. Nunua yenye volti zilezile za koili na ampea zisizopungua.

Kuwasha

Unganisha balbu ya zamani ya nyuzi, ya wati 60 hadi 100, mfululizo na waya wa umeme. Za LED hazifai kwa kazi hii. Spika zisiwepo. Bayasi iwe chini kabisa. Washa: balbu iwake kisha ififie. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zima, kuna shoti. Ikififia, pima volti za mkondo wa moja kwa moja (DC) kwenye vituo vya spika. Chini ya milivolti 50 ni nzuri, ikizidi 100 tafuta sababu kabla ya kuunganisha spika ya mtu.

Toa balbu, kisha panga bayasi kama kitabu kinavyosema. Kama ni miliampea 25 na rizista ya emita ni omu 0.33, mita isome milivolti 8 na kidogo kati ya ncha zake. Iache dakika ishirini ipate joto, pima tena, rekebisha. Halafu ipige muziki saa moja, izime, ikipoa kaza skrubu za transista tena, kwa sababu girisi huwa imeshuka. Kwa mzee, zilikubali karibu robo duara.

Ndani ya kifuniko nilimbandikia karatasi yenye tarehe, aina ya kila transista, ulanga na girisi niliyotumia, na milivolti za bayasi kulia na kushoto. Atakayeifungua baada yangu ataanza hapo.